Springi za Mama Mkwe

Tangu siku ya harusi yake, Bartholomew Nzioka hakuwahi kumtazama mama mkwe wake. Si kwamba walikosana. Kwa Wakamba hiyo ndiyo heshima yenyewe, na inaitwa nthoni: mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawashikani mkono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja wao huingia kichakani akajifanya anatafuta kuni. Bartholomew, ambaye soko zima la Muthetheni lilimwita Batho kwa kuwa hakuna aliyekuwa na muda wa jina lote, alikuwa ameingia vichaka vingi. Alijua miba ya njia ya kwa wakwe zake kuliko alivyowajua wakwe wenyewe.

Mama huyo aliitwa Mukai, jina ambalo Batho hakuruhusiwa kulitamka. Alikuwa Mkatoliki hodari siku ya Jumapili na Mkamba hodari siku zilizobaki. Hata hiyo Jumapili alichagua kuketi nyuma ya nguzo ya kanisa, asije akamwona mume wa binti yake akitoa ulimi kupokea komunyo. Batho naye alimshukuru Mungu kwa nguzo hiyo, maana kazi aliyoifanya haikuwa ya kuelezwa mbele ya mama mkwe.

Tuiseme tu, ndio tumeshaanza. Katika Kiswahili cha vitabuni inaitwa uhimilishaji. Batho alizunguka vijijini na mtungi wa alumini uliojaa gesi baridi kuliko barafu, na ndani ya baridi hiyo zililala mbegu za mafahali wa mashamba makubwa, mafahali ambao wenyewe hawakuwahi kukanyaga Muthetheni na wala hawakuwa na habari kwamba wana watoto huko. Ng'ombe wa mtu akianza kulilia dume, Batho aliitwa, akavaa glavu inayofika kwapani, na kilichofuata tukiache hapo. Sokoni walimwita Fahali wa Pikipiki. Mkewe Mutindi alimwambia mamake kwamba mumewe "yuko kwa mambo ya maziwa". Haukuwa uongo. Ni hatua moja au mbili tu zilizokuwa zimerukwa.

Hakuwa amepangiwa hayo. Alipopita mtihani na kuitwa chuo kikuu kusomea udaktari wa mifugo, kijiji kilimchinjia mbuzi. Elimu ni bahari. Batho aliingia, maji yakamfika magotini, akatoka. Nyumbani waliambiwa chuo kimefungwa kwa sababu ya mgomo, na kweli kilikuwa kimefungwa. Ambacho hawakuambiwa ni kwamba kilifunguliwa. Miaka ilipopita na aibu ikaota sugu, Batho alianza kulisema mwenyewe kabla hajasemwa. "Wenzangu walimsoma ng'ombe mzima," alisema. "Mimi niliachia njiani, nikabaki na sehemu ya nyuma."

Alichokuwa nacho cha kujivunia ni skrambla, pikipiki ya porini, ndefu kama panzi, yenye matairi ya menomeno. Aliuziwa na mzungu mmoja wa miradi ya visima aliyerudi kwao. Ilikuwa imechoka kama mzungu mwenyewe, lakini ilipanda vilima, ikashuka mito mikavu, ikafika mahali ambapo ng'ombe walikuwa wakisubiri.

Kisha zikaja mvua za El Niño. Zilinyesha kama mtu aliyekuja kudai kitu. Zilikwenda na daraja, zikala barabara, na matatu zikaacha kufika Muthetheni. Na katika miezi hiyohiyo macho ya mama mkwe, ambayo yalikuwa yakififia polepole, yakafunikwa kabisa na ukungu. Mtoto wa jicho, watu walisema. Akawa anashikwa mkono kwenda chooni.

Mutindi aliileta habari wakati wa chai.

"Madaktari wa macho wamekuja Machakos. Wako kwa holi ya kanisa, mjini. Wanatoa huo ukungu na mtu anaona."

"Hiyo ni neema. Aende."

"Wanaondoka wiki hii ikiisha. Na sijui watarudi lini, hata wao hawajui."

"Basi aende haraka."

"Na nini, Batho? Matatu zinaishia ng'ambo huko."

"Festus wa bucha ako na punda mzuri."

"Mama ataenda na wewe."

Batho aliweka kikombe chini. "Nimbebe? Mimi?"

"Kwa pikipiki. Nyuma."

"Mutindi, nyuma ya hiyo pikipiki inaishia kwa mgongo wangu."

"Nimeongea naye toka asubuhi hadi akakubali. Amesema bora msigusane. Mkigusana, atashuka hapo hapo, hata kama ni katikati ya mto, na arudi nyumbani akipapasa. Unamjua."

"Simjui," Batho alisema. "Hiyo ndiyo shida yote."

Lakini alijua hili: mwanamke aliyekubali kuketi nyuma ya nguzo miaka yote hiyo angeshuka kweli. Angerudi nyumbani kipofu na heshima yake, na Mutindi hangemlaumu mamake. Lawama ingetafuta mwenyewe, na Batho alikuwa mtu wa kuonekana kwa urahisi.

Tatizo lilikuwa springi. Skrambla ina miguu miwili mbele, bomba ndani ya bomba, na ndani ya kila mguu imesimama springi ndefu iliyolowa oili. Zake zilikuwa zimechoka. Ukigusa breki, pikipiki iliinama mbele kama mbuzi anayekunywa maji, na kila kilichokuwa kwenye kiti kikateleza hadi kwa dereva. Kwa magunia ya chumvi ya ng'ombe hilo halikuwa na neno. Magunia hayana nthoni.

Aliamua kupima jambo hilo kisayansi. Alihitaji mtu wa uzito wa mama mkwe, na hapo ndipo kumbukumbu ilipomjia kwa msaada. Siku ya harusi, kwa pembe ya jicho, aliona kitu kikubwa chenye maua ya kijani kikisogea polepole kando ya madhabahu, kama lori la mchanga linalotafuta mahali pa kuegesha. Katika Muthetheni nzima mwili wa aina hiyo alikuwa nao mtu mmoja tu, Festus mwenye bucha.

"Nikae aje?" Festus aliuliza, amesimama kando ya pikipiki na leso ya mkewe mkononi.

"Upande. Kama mama."

"Na hii leso?"

"Jifunge. Suruali yako inashika kiti, leso inateleza. Tunataka ukweli."

"Kwani umefikiria hii kitu sana hivyo."

"Nimesoma, Festus."

"Ng'ombe."

"Sehemu yake."

Festus alijifunga leso juu ya suruali, akapanda, na pikipiki ikashusha pumzi. Batho aliweka ule mtungi wake katikati yao, akaufunga kwa mpira wa tyubu, uwe ukuta. Walishuka mteremko wa posho mill, mahali ambapo wanawake walikuwa kwenye foleni na mahindi yao. Hapo Batho akagusa breki. Pikipiki ikainama. Mpira ukavutika, mtungi ukaja, na nyuma ya mtungi akaja Festus na tumbo lake lote, akamlalia Batho mgongoni hadi kidevu kikafika begani.

"Mkwe wangu," Festus alimnong'oneza sikioni. "Naona leo tumejuana."

Mama mmoja kwenye foleni akaita, "Festus, umeolewa lini?"

"Leo," Festus akajibu. "Na nimeolewa vibaya. Huyu hata kiti hana."

Batho alicheka na wao, kwa sababu kutocheka kungekuwa kubaya zaidi. Lakini moyoni aliona picha ya mama mkwe akishuka katikati ya mto.

Kesho yake alikwenda Machakos kujaza gesi ya mtungi kama kawaida, na akapitia kwa muuza vyuma mmoja aliyekuwa akiifungua skrambla kubwa kuliko yake. Springi zake zilikuwa za waya mnene, na ndefu kidogo kupita zile za Batho.

"Unabeba nini?" muuzaji aliuliza.

"Mama mkwe."

"Mzito?"

Batho alitanua mikono. Muuzaji aliitazama ile mikono kwa heshima, akazirudisha springi alizokuwa ameshika, akaingia ndani kuleta nene zaidi.

Kazi yenyewe aliifanya nyumbani, nyuma ya jiko, mahali ambapo hakuna mpita njia angeiona. Alijua hesabu ya springi. Ilikuwa imo katika maji yale yaliyomfika magotini. Alijua pia kwamba mtu mwenye akili huanza kwa kuinua gurudumu la mbele, akaweka kreti la soda chini ya injini ili miguu ya mbele isibebe kitu. Alijua hivyo kama anavyojua mtu kwamba haifai kula ukiwa umesimama.

Alipanda juu ya pikipiki kama anayesafiri, akaweka spana kwenye kifuniko cha mguu wa kwanza, akazungusha kwa madaha. Kifuniko hakikungoja nyuzi ziishe. Kiliruka, kikapita sikio lake, kikagonga bati la jiko, na oili ya miaka yote ya yule mzungu ikamrukia usoni. Pikipiki ikaelemea upande mmoja ikasimama hapo, kama inayompa nafasi ya kufikiri. Batho alijifuta macho na kuendelea na mguu wa pili.

Pikipiki ilipiga magoti kama ngamia. Usukani ulimpiga mbavu, miguu yake ikakosa ardhi, na sekunde iliyofuata alikuwa amelala chali na skrambla imemkumbatia kwa mapenzi ambayo hakuwahi kuyaomba.

Mutindi alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Umemaliza?"

"Karibu."

"Unafanya nini hapo chini?"

"Naangalia upande wa chini."

"Nikuletee spana ama mto wa kulalia?"

"Leta Festus."

Festus alikuja, akamwondolea pikipiki kama anavyoondoa paja la ng'ombe kwenye ndoano, na bila kuulizwa akaleta kreti. Kutoka hapo kazi ilikwenda. Walizivuta springi za zamani kwa ndoano ya waya wa ua. Zilitoka zikiwa fupi na zimepinda kidogo, kama wazee wanaotoka kwa chifu. Oili iliyobaki ilikuwa nyeusi na ilinuka samaki. Batho alipima mpya kwa bomba la sindano la ng'ombe, kila mguu sawa na mwenzake, na hilo lilimfurahisha mno, maana ndilo jambo pekee siku hiyo ambalo mtu angeweza kuliita taaluma.

Springi mpya zilipoingia, zilibaki zimechungulia juu ya bomba kama jogoo anayechungulia ukuta. Ilibidi kifuniko kisukumwe chini huku kikizungushwa. Festus akalaza kifua juu ya kifuniko, Batho akashika spana.

"Lalia."

"Nimelalia."

"Lalia kama mzoga."

"Mizoga mimi huuza. Siilalii."

"Festus, nyuzi zimekaribia kushika, usinichekeshe."

Zilishika. Mguu wa pili nao ukatii, na Festus akabaki na alama ya duara kifuani kama ng'ombe aliyepigwa chapa. Springi za nyuma zilikuwa na meno ya kukazia. Batho akazikaza hadi jino la mwisho, kwa sababu mtu akishaanza kukaza hujui atakomea wapi.

Walirudi posho mill. Festus na leso, mtungi katikati. Batho alikamata breki kwa nguvu zake zote, na pikipiki ikasimama wima kama askari. Festus hakusogea hata kidogo. Alibaki pale juu na mikono mapajani, mtulivu kama sanamu ya Bikira Maria siku ya maandamano. Wanawake wa foleni wakampigia makofi. Batho aliondoka pale akijiona ameiokoa nthoni ya Wakamba wote kwa vipande vya waya uliokunjwa, na alipofika nyumbani alimweleza Mutindi sayansi yake mara tatu, bila kutaja uzito wa mtu, mara ya tatu Mutindi akiwa amelala.

Siku ya safari Batho alikuwa juu ya pikipiki mapema, uso mbele, macho kwenye tanki la petroli. Alisikia nyayo na fimbo. Alisikia Mutindi akimwambia mamake, "Mwaitu, inua mguu, hapa," na leso ikichakarisha. Pikipiki haikushuka. Batho alingoja ishuke, ikakataa, na akafikiri: kazi safi.

"Mwambie huyo mtu asikimbie," sauti ya mama mkwe ilisema.

"Mwaitu, mimi siendi. Mutakuwa nyinyi wawili."

Kwa nthoni, ukitaka kusema na mkwe unampitia mtu wa tatu, na mtu wa tatu alikuwa anabaki nyumbani kuanika mbaazi.

"Na hii kitu hapa katikati ni nini? Ni chuma."

"Ni mtungi wa kazi yake. Ya maziwa."

"Basi," mama mkwe alisema, "nitaongea na mtungi."

Waliondoka. Jua lilikuwa limechomoza nyuma yao, na barabara mbele yao ilikuwa yote makovu ya mvua zilizokwisha.

"Mtungi," mama alisema baada ya muda, "mwambie mwenye pikipiki anieleze tumefika wapi."

Batho alikohoa. "Mtungi, mwambie mama tumepita shule."

"Mtungi, muulize mbona tunarukaruka."

"Mtungi, mwambie ni barabara imeharibika."

"Mtungi, mwambie hii barabara nimeipita na punda, na ng'ombe, na mzigo wa maji mgongoni. Haikuwa inaruka hivi."

Ukweli ni kwamba hata Batho meno yalikuwa yakigongana. Kila jiwe lililokuwa dogo jana leo lilikuwa na jambo la kusema, na pikipiki ililipeleka jambo hilo moja kwa moja hadi kwenye uti wa mgongo. Akajiambia ndivyo vitu imara vilivyo.

Barabara ilipokata kona kuelekea mto, vivuli vyao vikahama kutoka mbele vikaja ubavuni, virefu juu ya nyasi. Batho akavitazama. Nthoni haisemi chochote kuhusu vivuli. Aliona kivuli cha dereva, na kivuli cha mtungi, na nyuma ya mtungi, mahali palipopaswa kuwa na lori la mchanga, aliona ufito. Ufito uliofungwa leso. Mwanamke mwembamba, mabega kama ya msichana, ameshika chuma cha kiti kwa mikono miwili.

Alielewa yote kwa mara moja, kama alivyoelewa mambo mengi maishani mwake, yaani akiwa amechelewa. Alikuwa amempima mama mkwe kwa Festus. Alikuwa amekaza chuma kwa ajili ya mwanamke ambaye hakuwahi kumtazama, na hakukuwa na mtu wa kumuuliza, kwa sababu ni mkwe gani huuliza mkewe, hivi mama yako ana kilo ngapi?

Alikuwa bado anakitazama kivuli walipofika kwenye mtaro uliochimbwa na maji. Springi za mbele zilikataa kuinama. Pikipiki iligonga, ikaruka, na Batho akaona, ubavuni kwenye nyasi, kivuli cha mama mkwe kikiachana na kivuli cha pikipiki. Kilikaa hewani kwa utulivu. Kisha kikarudi, na mikono miwili myembamba ikamzunguka Batho shingoni ikamkaba. Mpira wa tyubu ukakatika. Mtungi ukaanguka, ukabingirika hadi kwenye mchanga wa mto, kizibo kikatoka.

Batho alizima injini. Mikono ile ilibaki shingoni mwake kwa muda, kama inayosahau ilikuwa ya nani, kisha ikaondoka. Akasikia miguu ikishuka. Akafumba macho. Ndiyo hiyo, alifikiri. Festus alilalia kifuniko, Mutindi alibembeleza siku nzima, mimi nilikumbatiwa na pikipiki, na mama anarudi nyumbani.

"Nasikia baridi kwa miguu," mama mkwe alisema. "Ni nini?"

Moshi mweupe ulikuwa ukitoka mtungini na kutambaa juu ya mchanga. Batho alimtafuta mtu wa tatu. Mtu wa tatu alikuwa amelala kifudifudi akitoa moshi.

"Ni mtungi, mama," akasema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake. "Umefunguka."

"Uko na nini ndani?"

"Mambo ya maziwa."

"Maziwa haitoi baridi ya namna hii."

Batho aliushika mtungi, akarudisha kizibo, vidole vikamchoma kwa baridi. Chuo kilimfundisha kudanganya watu wengi kwa wakati mmoja; mtu mmoja, kipofu, mtoni, hakuweza. "Ni mbegu za fahali, mama. Mimi hupandisha ng'ombe wa watu."

Mabega ya mama mkwe yakaanza kutikisika. Batho alidhani analia.

"Na ng'ombe yangu nyekundu, unafikiri sijui ilipandishwa na nani?" alisema. "Ulikuja na hii kelele yako, nikajifungia ndani ya nyumba nusu siku nzima kwa heshima. Nikabanwa na mkojo. Ndama alitoka mzuri."

Batho hakujua mkwe anajibu nini hapo. "Asante, mama."

"Si wewe nasifu. Nasifu fahali."

Akageuza kichwa upande waliotoka. Akakigeuza upande waliokuwa wakienda. Macho yake yalikuwa meupe kama maji ya mchele, na kote alikogeukia yalibaki vilevile.

"Nyumbani ni wapi?"

Batho alinyoosha kidole, akakumbuka, akakishusha. "Nyuma yako."

"Na Machakos?"

"Mbele."

"Mimi naona zote sawa." Alisimama akilichezea pindo la leso. "Nilimwambia Mutindi nikiguswa nitashuka. Nimeshuka. Lakini nthoni ni ya macho, mwanangu. Mtu hana macho, atamwonea nani haya? Weka huyo fahali mbele yako, nikushike, twende. Nikipata macho tutaanza upya."

Alimshika kiunoni. Batho alikaa kama aliyewekewa nyoka, kisha, kilima baada ya kilima, akaacha.

"Na kwa nini pikipiki yako iko ngumu hivi?" mama aliuliza njiani.

"Niliikaza. Nilifikiria mama ni… mkubwa."

"Nani alikuambia?"

"Nilikuona kidogo. Siku ya harusi."

"Ile ilikuwa nguo ya kuazima. Na ndani nilikuwa nimevaa sweta zote za nyumba, kulikuwa na baridi."

Madaktari walimpokea. Walilitoa lile wingu kwenye jicho moja, wakalifunga, wakasema akae kwa jamaa yake mjini hadi walifungue. Batho alirudi Muthetheni peke yake juu ya chuma chake kigumu, akiyapanda mawe yote aliyostahili. Hakupumzika kabla hajazirudisha springi za zamani. Safari hii aliweka kreti kwanza.

"Kwani mama mkwe amepungua?" Festus aliuliza, akiwa amelala tena juu ya kifuniko.

"Mama mkwe hajapungua. Ni akili yangu ilikuwa imevimba."

"Hiyo tuliona zamani. Tulidhani unajua."

Siku ya kumchukua, Batho alisimama kwenye ukumbi uso ukutani, kama mkwe anavyotakiwa, akisoma tangazo la unga wa watoto. Alisikia bandeji ikifunguliwa. Alisikia nesi akiuliza, "Mama, unaona nini?" Ukosi wake ulianza kumwasha. Akajua anatazamwa, na anatazamwa kwa muda mrefu, kuanzia visigino.

"Kumbe mikono yangu haikudanganya, ni mwembamba kweli," mama mkwe alimwambia nesi. "Vile anavunja miti huko kichakani akinikwepa, miaka yote nilijua binti yangu ameolewa na dume la mtu." Kisha akavuta leso ikamfunika kichwa na nusu ya uso. "Muulize mtungi wake uko wapi. Siendi bila mtungi."

Mtungi ulikuwa hapo nje. Batho aliufunga katikati ya kiti kwa mpira mpya. Mama mkwe aliuzunguka akiutazama kwa jicho lake jipya: alumini, makovu, na ubavuni picha ya fahali mweusi na mweupe, kifua mbele. Akaitazama picha hiyo kwa adabu, kama mtu anayejulishwa kwa mgeni. Halafu akapanda.

Walirudi jioni, jua likiwa nyuma yao tena. Karibu na mto Batho aligusa breki, kidogo tu, na skrambla ikainama mbele kama mbuzi anayekunywa maji. Mtungi ukateleza ukaja kumgusa mgongoni, baridi na mgumu, na nyuma ya mtungi uzito mdogo ukaja ukaegemea. Hakuna aliyemgusa mtu.

"Fahali," mama mkwe alisema, "mwambie mwanangu aende polepole. Kuna mtaro hapo mbele."

Mtaro ulikuwepo kweli. Batho alikuwa hajauona. Alikuwa anatazama kivuli.